Ukoo Usio na Mgonjwa

Siku hizi sina cha kukata ila vitunguu. Miaka yangu yote ya kazi nimekata vinofu vya miili ya watu vilivyogandishwa ndani ya nta, vyembamba hadi mwanga unapita, nikavilaza juu ya vioo ili madaktari wavitazame kwa hadubini na kusema kama ni saratani au si saratani. Sasa nimestaafu, nimerudi Kikwajuni, Unguja, na wajukuu wa dada yangu wanalalamika kwamba kachumbari ya Bi Rukia haionekani kwenye sahani.

Nyinyi vijana wa maabara mliobaki Jeddah mmeniletea ujumbe mara kadhaa mkitaka niandike niliyoyaona kazini. Haya, naandika. Vyeo nitaviruka, maana nilivyopata vilikuja na funguo za makabati zaidi ya kitu kingine chochote, na mshahara ni siri ya mtu na Mola wake. Nitawaandikia habari za visu, nta na watu, na zaidi habari za mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliyekaribia kurudishwa kwao kwa sababu ya afya njema ya bibi zetu.

Nilianzia Riyadh. Kila aliyeniaga Unguja aliniusia kuhusu joto, basi nikafungasha khanga na magauni mepesi, nikashuka uwanja wa ndege katikati ya majira yao ya baridi. Siku za mwanzo nilivaa buibui juu ya gauni na taulo juu ya buibui. Wanawake wa kazini tuliwekwa nyumba moja ya ghorofa huko Al-Naseem, na asubuhi basi la hospitali lilitupitia. Dereva wetu alikuwa na maneno mawili tu, "yalla" ukichelewa na "halas" ukifika. Nilikaa nchi ile muda mrefu na sikuona kazi ambayo maneno hayo mawili yalishindwa kuifanya.

Maabarani nilikabidhiwa kwa Sitti Amna, mama wa Kisudani, mrefu, mkimya, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa wakataji. Nilikwenda na vyeti vyangu ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinipa kipande cha nta kitupu, kisicho na kitu ndani, akanikalisha mbele ya mashine ya kukatia na kuniambia nikate mpaka utepe wa vipande utoke umenyooka. Nikakata nta tupu siku nenda rudi. Nilipomwuliza nitaanza lini kazi yenyewe, akasema, "Hii ndiyo kazi yenyewe. Siku nitakayokupa nta yenye mtu ndani, mkono wako usiwe na maswali."

Hivyo ndivyo alivyoziita siku zote, nta zenye mtu ndani. Mengine aliyonifundisha mnayajua kwa sababu nimewapigia nayo kelele: ipoze nta kwa barafu kabla hujakata, usipumue juu ya utepe, usikiamini kisu kwa kuwa jana kilikata vizuri, na mwenye mafua akae mbali hata kama ni profesa.

Ni Riyadh pia nilipomjua Dakta Hisham, mwenyeji wa pale pale, wakati huo kijana aliyeajiriwa karibuni. Alikuwa na akili nyingi, na furaha iliyozidi akili. Asubuhi moja aliona kwenye hadubini seli ambazo hakupata kuziona maishani: kubwa, zenye kuta nene, zimepangwa safu safu kama matofali. Akaita wenzake, wakavuta viti, wakaanza kunong'onezana majina ya kigeni. Nadhani Dakta Hisham alikuwa ameshaupa ugonjwa huo jina lake mwenyewe. Mambo yakaenda hivyo mpaka wakati wa kula, alipofungua mkate wake wa falafeli, akatazama vitunguu vilivyokuwa ndani, akaitazama hadubini, akaufunga mkate bila kuula. Aliwaita wenzake tena na kuwaambia mwenyewe kwamba ni kitunguu. Nilimpendea hilo. Tangu siku ile ukabandikwa ukutani ule mkwara wa kutokula maabarani, na sasa mnajua ulitoka wapi.

Miaka ikapita, Dakta Hisham akawa profesa kule Jeddah, naye akaniita. Hewa ya Riyadh ni kavu na nta hutii mkono. Jeddah ni mji wa bahari. Mwezi wa kwanza kila utepe niliokata ulikunjamana mkononi mwangu kama chapati iliyokosa mafuta. Lakini nilijisikia niko nyumbani. Kulikuwa na jasho, samaki, na watu wanaokuuliza wewe ni wa kwa nani kabla hawajakujibu salamu.

Kazi tuliyoitiwa ilikuwa mpya. Tajiri mmoja wa mji ule, ambaye hakutaka jina lake litajwe nami sitalitaja, alilelewa na yaya wa Kiafrika. Yaya huyo alikufa kwa saratani ya titi humo humo ndani ya nyumba yao, na hakuna aliyejua anaumwa mpaka aliposhindwa kuinuka. Uzeeni tajiri akawauliza madaktari kwa nini wanawake kama yule hushikwa wangali vijana, na ugonjwa ukawa mkali. Wakamwambia hawajui vizuri, maana vioo vyao vingi vimetoka kwa watu wa rangi nyingine, na watafiti wenyewe ni wa rangi nyingine. Ndipo akatenga fungu la mali yake lilipie wahitimu weusi wasome saratani mpaka uzamivu: ada, nyumba, tikiti, vifaa. Sharti lake lilikuwa moja. Katikati ya masomo kila mwanafunzi asimame mbele ya kamati, na asiye na kitu cha kuonyesha arudi kwao.

Kamati hiyo ilipokaa mara ya kwanza ilitumia asubuhi nzima kuulizana mweusi ni nani. Nilikuwemo kwa sababu mafunzo ya maabara yalikuwa mikononi mwangu. Mmoja akashauri tuangalie pasipoti, mwingine akashauri tuangalie babu. Katibu wetu, mtu wa Hijazi, upande ule ule wa Jeddah, tangu enzi na enzi, mweusi kuliko waombaji wote tuliokuwa na picha zao, aliendelea kuandika kwa utulivu. Mwishowe aliinua kichwa akauliza aandike nini kumhusu yeye. Kikao kikakubaliana kwamba mwombaji ajieleze mwenyewe, tukaenda kuswali adhuhuri.

Ndivyo walivyokuja wanafunzi wetu, na kati yao Atieno wa Kisumu. Alikuwa amehitimu udaktari kwao, msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, na sanduku lake kubwa lilijaa unga wa ugali kana kwamba anakwenda kuzingirwa. Siku ya kwanza aliingia maabarani akaniambia, "Sasa, Anti." Nikasubiri. Kwetu, kijana akimwamkia mtu wa umri wangu, kuna neno linalotangulia. Nikasubiri zaidi. Naye akasubiri, kwa adabu kabisa, akidhani labda ndivyo tunavyosalimiana. Tungekuwa tumesimama pale mpaka leo, ila simu ililia.

Nikampa nta tupu, kama nilivyopewa mimi. Akakata vibaya, akacheka, akakata tena.

"Anti, hii kitu inanikataa."

"Haikukatai. Imekujua tu kwamba una haraka."

Katika maombi yake alikuwa ameandika kwamba mama yake alikufa kwa saratani ya titi yeye akiwa shuleni, na bibi yake kabla ya hapo kwa ugonjwa huo huo. Niliyasoma kwa kuwa nilikuwa kwenye kamati. Aliniomba mapema nisimwambie mtu, maana hakutaka kuhurumiwa akikosea. Sikumwambia mtu, na akikosea nilimgombeza sawasawa na wengine.

Utafiti wake ulihitaji vitu viwili: damu kidogo ya wanawake wenye asili ya Afrika Mashariki, na habari za ukoo wa kila mmoja wao, nani aliugua nini na nani alikufa kwa nini. Bila habari za ukoo, damu haisemi kitu. Wanawake hao walikuwepo tele Ghulail, mtaa wa zamani wa nyumba zilizobanana, wengi wao watu wa pwani yetu ambao wazazi wao walikwenda kuhiji wakabaki. Kamati ingekaa baada ya Ramadhani. Atieno akisimama mbele yake bila habari za kuaminika, safari yake imekwisha.

Peke yake asingefunguliwa mlango. Mgeni mwenye karatasi akionekana Ghulail hudhaniwa anakagua ikama, vile vibali vya kuishi, na nyumba nzima hujikuta haina mtu. Basi nikampeleka mimi, kwa Bi Mwanakombo, mzaliwa wa Tanga, fundi wa kushona, ambaye sebule yake ndiyo iliyokuwa kituo cha akina mama wa mtaa kila baada ya alasiri. Nilivaa buibui langu jipya, nikajifukiza udi, nikachukua sahani ya halua niliyoletewa kutoka nyumbani. Wapo walionilaumu baadaye kwa halua ile. Lawama hiyo siipokei. Mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu.

Tukakaa mkekani. Nikasema, nakumbuka maneno yangu, "Huyu ni mwanangu Atieno. Ana maswali yake kidogo, msimwonee haya." Atieno akafungua karatasi akauliza kama alivyofundishwa. Bibi mzaa mama alizaa watoto wangapi? Wote wazima? Aliwanyonyesha? Katika ukoo yupo aliyeugua kwa muda mrefu? Kuna maradhi ya kurithi? Na huyu binti wa nyumba ana umri gani, ameshaolewa?

Akina mama wakatazamana. Kisha ukaja ukarimu ambao sijauona hata sikukuu ya Idi. Salma, binti wa Bi Mwanakombo, msichana wa haya aliyekuwa akisomea kompyuta, akatumwa kuleta juisi. Akatumwa tena kuleta kashata. Akatumwa tena kuja kuchukua gilasi ambazo bado zilikuwa na juisi. Kila alipoingia alikuwa na mtandio mwingine.

"Ukoo wetu?" akasema Bi Mwanakombo. "Alhamdulillahi, mwanangu. Kwetu sisi hata homa ni ya kuazima."

Baada ya hapo Atieno hakuhitaji kubisha hodi. Nyumba zilimwita zenyewe. Alipikiwa biriani, mikate ya kumimina, samaki wa kupaka, na kila nyumba mwenye kumpakulia alikuwa binti aliyepakwa hina siku hiyo hiyo. Damu ilitolewa bila kinyongo. Habari za ukoo zilikuja kwa wingi, na zote zilikuwa nzuri. Mama yake Bi Mwanakombo aliteleza kisimani. Shangazi wa jirani alianguka ngazini. Mwingine aliangukiwa na nazi, na mwingine alilala tu akaitwa na Mola wake. Kwa mujibu wa karatasi zetu, wanawake wa pwani hawaugui, wanaanguka. Ukoo mmoja tu uliharibu picha, wa mama aitwaye Bi Time. Huo ulikuwa na kila kitu: saratani, kisukari, kifafa, wazimu, na jini la kurithi.

Profesa Hisham alipozipitia karatasi zile, macho yake yaliwaka kwa namna ambayo nilikuwa nimeiona mara moja tu, Riyadh, juu ya kitunguu.

"Bi Rukia," akaniambia, "hawa watu wanakula nini?"

Nikamwambia wanakula chakula. Hakuridhika. Nilikuwa nataka kuondoka, basi nikataja karafuu. Tangu siku ile chai yake ikawa na karafuu, mfuko wa kanzu yake ukawa na karafuu, na mikutanoni akawa anazitafuna kimyakimya akitazama mbali. Ofisi ikanuka kama ghala la bandarini. Akaanza kuandika makala kuhusu watu ambao saratani imewapita kando. Ukoo wa Bi Time aliutengea sura yake peke yake, akauita muujiza wa upande wa pili.

Aliyekuwa hana raha ni Atieno mwenyewe.

"Anti, hii haiwezekani. Hakuna watu wako fiti hivi. Na hizo nazi, mbona ziliangukia tu wamama?"

Jibu nililipata nilipokutana na Bi Time katika duka la viungo pale pale Ghulail. Alinivuta kando ya magunia ya pilipili.

"Bi Rukia, usinichukie," akasema. "Najua nimewaeleza mambo makubwa kuhusu ukoo wangu. Lakini na wewe ni mama, unielewe. Nimesikia yule kijana ana mke tayari."

"Kijana gani?"

"Kaka yake huyo Atieno. Yule injinia. Mimi sitaki mwanangu akaolewe uke wenza."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa bizari, na yote yakanijia kwa pamoja. Kwetu, kabla posa haijapelekwa, wanawake wa upande wa mume huja kupeleleza. Huja na mtu mzima wa heshima, na halua, na hawasemi wamefuata nini. Huulizia ukoo: walizaliwa wangapi, kuna wazimu, kuna maradhi. Na nyumba yenye binti haijawahi, tangu dunia iumbwe, kukiri kwamba kwao kuna mgonjwa. Asiyemtaka kijana ndiye hutaja maradhi, na huyataja yote, ili wageni waondoke wenyewe bila kugombana. Atieno alikuwa ametembea Ghulail nzima akiulizia ukoo, na mtaa mzima ulikuwa umejibu kama nyumba zenye mabinti. Alikuwa mtu wa Kisumu. Kwao mambo hayo yana njia zake nyingine. Injinia walikuwa wamemtunga wenyewe, wakampa urefu, gari na nyumba Nairobi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanakombo. Nikamwambia wazi: hakuna kijana, Atieno hana kaka, haya ni mambo ya hospitali. Akanipigapiga begani.

"Tunajua, shoga yangu. Mambo haya hayasemwi mpaka yaive."

Kufika Ijumaa, mtaa ulikuwa na habari kwamba mambo yameiva. Nikajaribu kumwuliza mmoja mmoja faraghani. Kila mmoja aliapa kwamba kwao hakuna kitu, kisha akanisogelea na kunieleza kwa kirefu ya kwa jirani. Kwa njia ile ningeumaliza utafiti wote kwa alasiri moja. Atieno akakataa, kamati ya maadili hairuhusu kuandika maradhi ya mtu yaliyotoka kinywani mwa jirani yake. Nikamwambia kamati ya maadili haijapata kukaa uswahilini.

Nilipomweleza habari ya injinia, Atieno alicheka mpaka akashika meza. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Sasa nikirudi nitaambia baba nini? Ati nilifukuzwa juu walidhani mimi ni mshenga?"

Nilimwonea huruma, na kwa kuwa aliniomba nisimhurumie, nilimpa kisu akinoe. Alinoa kwa muda, akakiweka.

"Anti, nipeleke mara moja tu. Leo nitaongea mimi."

Tukaenda baada ya alasiri. Sebule ya Bi Mwanakombo ilijaa, maana iliaminika kwamba jibu limekuja. Atieno alikaa katikati ya mkeka, bila karatasi.

"Shikamooni, wamama," akasema. "Mimi sina kaka. Lakini tuseme ninaye. Nimewauliza ya kwenu miezi hii yote, na hakuna mtu ameniuliza ya kwetu. Mama yangu alikufa na kansa ya titi nikiwa form two. Nyanya yangu, mamake, alikufa na hiyo hiyo. Mimi mwenyewe huwa napimwa kila mwaka, na kila mwaka huwa naogopa mpaka siwezi kula. Hiyo ndiyo nyumba mnataka kupeleka watoto wenu."

Hakuna mpelelezi aliyewahi kukaa mkekani kwa watu na kuanika maradhi ya kwao. Mila haina jibu la jambo hilo. Salma alikuwa ndiyo kwanza anatokea mlangoni na trei ya juisi. Mama mmoja aliyekaa karibu akamfanyia jicho, na trei ikarudi jikoni kinyumenyume.

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Time.

"Kwa hivyo injinia hakuna."

"Hakuna, Mama."

"Basi kwenye ukoo wangu futa jini," akasema Bi Time. "Futa na wazimu na kifafa. Kisukari kiache. Na hiyo saratani iache, hiyo ni kweli. Dada yangu."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha watu waliokuwa wamejizuia muda mrefu. Halafu mama mmoja akasema, bila kuulizwa, kwamba mama yake hakuangukiwa na nazi. Mwingine akasema shangazi yake hakuanguka ngazini. Ngazi yenyewe haikuwepo. Atieno akatoa karatasi zake, na safari hii mkono wake haukuweza kwenda kasi kama midomo yao. Wengine walikuwa wakilia wanaposema, wakifutana machozi kwa ncha za mitandio.

Bi Mwanakombo aliendelea kushona mpaka wengine walipoanza kunyamaza.

"Titi lilimuuma, mama yako?"

"Hapana. Mwanzo halikumuuma. Ndiyo maana alingoja."

Bi Mwanakombo akachomeka sindano yake kwenye kitambaa, akainuka. "Njoo chumbani, mwanangu."

Walikaa humo, na nje hakuna aliyegusa kashata. Atieno alipotoka uso wake ulikuwa wa daktari, haukuwa wa mwanafunzi wangu. "Anti, kesho asubuhi tunaenda na yeye," akasema. Nyuma yake Bi Mwanakombo alikuwa akijifunga khanga vizuri.

"Bonge hili liko tangu kabla hamjaja," akaniambia. "Ningesemaje, Rukia? Mmekuja na halua, mwanangu kapata bahati yake, mimi nitoe uvimbe?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo tunalishwa tangu utotoni. Hakuna anayetufundisha la kufanya mtu akiwa na maradhi na binti wa kuoza kwa wakati mmoja. Nilikasirika siku ile, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Kinofu chake kililetwa maabarani kwangu. Ningeweza kumpa mwingine akate; nikakataa. Nikaipoza nta, nikabana pumzi, na mkono ambao Sitti Amna aliutaka usiwe na maswali ulikuwa nayo yote. Utepe wa kwanza ulichanika. Wa pili ulinyooka. Profesa Hisham alitazama mwenyewe, akaita wenzake, na mara hii hakuna aliyekuwa na furaha. Ilikuwa saratani, lakini changa, ya kukatwa na kutibiwa. Ingengoja posa ya injinia, isingekuwa hivyo.

Ramadhani ikaisha, kamati ikakaa. Atieno alisimama akawaambia kwamba habari zote za mwanzo ni uongo na amezitupa, kisha akaeleza kwa nini: mtu hukwambia ukweli wa ukoo wake pale tu anapojua hukuja kumpima mwanawe. Akaonyesha habari mpya, pamoja na ya mama mmoja, bila kumtaja jina, aliyeficha uvimbe wake. Zilikuwa chafu, zenye vifo na machozi, na damu zilizokuwa kimya sasa zilisema. Profesa Hisham alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa karafuu mdomoni, akaifunga kwenye karatasi.

"Kwa hiyo ni watu kama sisi tu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa urithi. Makala yake aliifuta mwenyewe jioni ile ile, na nikampenda tena.

Wengine wakaanza kuulizana kama mwanafunzi aliyetupa kazi ya miezi anastahili kuendelea kulipiwa. Yule tajiri alikuwa amekaa mwisho wa meza, mzee sana, na mpaka wakati huo hatukujua kama yu macho.

"Yule mama aliyeficha," akamwuliza Atieno. "Yuko wapi sasa?"

"Amefanyiwa upasuaji, baba. Anaendelea na dawa."

"Basi na wewe endelea," akasema, akaomba fimbo yake.

Atieno alimaliza. Siku ya kutetea tasnifu yake alifika baba yake kutoka Kisumu na suti nzito ya sufu, katika joto la Jeddah, na hakuivua hata kidogo mpaka binti yake alipoitwa daktari kwa mara ya pili maishani. Akina mama wa Ghulail walijaza safu mbili za nyuma. Hawakuelewa Kiingereza, lakini kila mchoro wa ukoo ulipoonyeshwa ukutani walijuana na kugusana viwiko.

Mwaka niliostaafu, Salma alipata mchumba wa kweli, kijana wa Mombasa mwenye duka la simu. Wanawake wa kwao walikuja alasiri, na halua. Nilikuwepo, na Atieno alikaa upande wetu kama mtoto wa nyumba. Shangazi wa kijana akaanza kuzunguka taratibu, kama inavyotakiwa. Wazee wenu wote wazima? Mlizaliwa wangapi? Hakuna, Mungu apishe mbali, mwenye maradhi?

Bi Mwanakombo akaweka kikombe chini.

"Mimi titi moja nimekatwa," akasema. "Mamangu alikufa nalo. Binti yangu anapimwa kila mwaka na daktari huyu hapa. Kwetu ndiyo hivyo, nimemaliza. Sasa semeni ya kwenu."

Shangazi akatazama ukuta. Nikajua posa imekufa, nikaanza kutafuta maneno ya kuizika kwa heshima. Ndipo mama wa kijana akajivuta mkekani mpaka ubavuni kwa Atieno, akamwuliza kwa sauti ndogo kama anapima hata watu wa upande wa bwana harusi.

"Napima, Mama," akasema Atieno.

Wakaingia chumbani, na posa ikakaa nje kuwangoja.